Puppy alipenda crate, kisha akaanza kulia ndani yake: kilichofanyika kwetu Woodley

Sasa wakuu.

Kila mtu akiuliza hapa kuhusu crate anajibiwa na mtu aliyesoma kwa simu. Mimi nitawaambia tu kilichotokea kwangu, bila kuongeza chumvi.

Mama yangu alitoka Mwingi kuja kutibiwa goti. Mimi nashinda kazini tao, katikati ya mji, kwa hivyo alikuwa anabaki peke yake, na alikuwa ameanza kuulizia nauli ya kurudi kabla ya clinic kuisha.

Mwenzangu kazini anayeishi Loresho alikuwa na watoto wa mbwa. Nikachukua mmoja amchangamshe. Mama akamwita Popi, kama kila mbwa aliyewahi kumfuga.

Crate niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama Karen. Ni kizimba cha waya chenye mlango mmoja. Nikatandika blanketi, nikatupa vipande vya nyama ndani, mlango nikauacha wazi. Baada ya siku chache Popi alikuwa anaingia mwenyewe na kulala.

Halafu ghafla akabadilika. Ukimfungia, analia kama anachinjwa.

Mwenye nyumba, Mama Atieno, anaishi upande wa pili wa ukuta. Alinisimamisha kwa gate.

"Mutua, nakuheshimu. Lakini huyo wako akiendelea hivi, mwisho wa mwezi arudi kwao Loresho. Mimi pia nina masikio."

Nilimwambia Mama. Alimbeba Popi akaanza kumwongelesha Kikamba. Nikajua Popi akirudishwa, Mama naye atapanda gari la Mwingi na goti lake hivyo hivyo.

Nikabadilisha blanketi. Nikasogeza crate mbali na dirisha. Wapi, kilio kilikuwa kile kile.

Siku moja nilitoka kazini mapema, na nilikuwa nimesahau funguo. Nikapiga hodi. Kupitia dirisha nikamwona Mama akivua slipper na kugonga juu ya crate.

"Ingia jela! Wageni wamekuja."

Popi akasukumwa ndani, mlango ukafungwa.

Wakuu, wengi wetu tumelelewa hivyo. Nyumbani mbwa anafungiwa mchana, mgeni akija anafukuzwa, giza likiingia ndio anafunguliwa alinde boma. Mama hakuwa mkatili, alikuwa anafuga mbwa vile alifunzwa. Lakini kwa Popi, kila hodi ilikuwa slipper.

Nilimuuliza kwa upole. Akanishangaa.

"Kwani hiyo chuma ni ya nini, kama si ya kumfungia?"

"Ni chumba chake, Mama. Kama vile wewe uko na chako."

"Na changu unakifunga kwa nje?"

Nikaenda nikafungua mlango wa crate.

Tukaanza upya, na mwalimu akawa Mama. Mlango wazi. Akisikia hodi, anatupa kipande cha matumbo ndani ya crate, kisha anakaa kando yake. Popi akizoea, mlango unarudishwa kidogo, unafunguliwa kabla hajalia. Mimi kazi yangu ilikuwa kugonga mlango wangu mwenyewe, mpaka majirani wakaona nimechanganyikiwa.

Mwisho wa mwezi Mama Atieno akaja. Akapiga hodi.

Popi aliamka, akakimbia ndani ya crate, akageuka, akakaa akiangalia mkono wa Mama. Kimya.

"Mama Mutua, kwani mlimrudisha?"

"Hapana. Ameenda kwake."

Mama Atieno akainama akachungulia.

"Na anakula nyama kunishinda." Akavuta kiti, akauliza kama kuna chai.

Nilichojifunza: puppy akibadilika ghafla, kabla ya kulaumu crate tafuta kwanza nini kinafanyika ukiwa hupo. Na wote walio kwa nyumba wakubaliane hiyo kitu ni ya nini.

Mama bado yuko, na clinic anaenda.

Wale mnafuga kwa nyumba za kushiriki ukuta, nyinyi mlifanyaje? Na kama kuna mtu amefaulu kumzuia puppy kutafuna viatu, aseme. Ile slipper, Popi ameimaliza.