Plaiwudi ya Sita Isiyofika Sita

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Mlima hatujauona siku tano.

Sentensi ya kwanza nimeiandika mara tatu na kuifuta, kwa sababu kila mara ilikuwa na tusi. Najaribu tena.

Jumamosi roketi ya chuo cha binti yangu ilivunjikia hewani, kule tambarare upande wa Kieni. Ni bomba refu kuliko mimi, na chini lina mapezi matatu ya mbao ya kuinyoosha inaporuka. Mapezi niliyakata mimi, hapa karakana yangu Gatitu, na binti akayabandika kwa gundi. Ilipanda vizuri, halafu ikaanza kulia kama bati lililolegea kwenye upepo, mapezi yakang'oka, ikapinda ikaangukia shamba la viazi. Hakuna aliyeumia. Jana mwalimu wao akaandika ripoti. Juu ya chanzo aliweka mstari mmoja tu: gundi ilipakwa vibaya. Basi binti yangu ametolewa kwenye kikundi kitakachojenga roketi ya pili.

Asubuhi aliniletea mabaki ndani ya gunia, akayamwaga juu ya benchi. Mapezi mawili yalikuwa yamevunjika kwenye mbao yenyewe, upana wa kidole kutoka kwenye bomba. Vipande vilivyobaki vilikuwa bado vimeshikwa na gundi. Nilivigonga kwa nyundo, havikutoka. La tatu lilikuwa limechomoka zima, na pale chini palikuwa na mahali pakavu, ukubwa wa maharagwe mawili. Nilimwonyesha.

"Najua, Baba," akasema. "Hiyo moja ni yangu."

Lakini moja si tatu. Nikamwambia anieleze ile hesabu yao, pole pole, mimi niliishia darasa la nane. Akasema kila pezi lina mwendo wake. Roketi ikiupita huo mwendo, pezi linaanza kutetemeka, upepo nao unazidi kulitetemesha, mpaka linavunjika. Mwendo wenyewe unakisiwa kwa umbo la pezi, ugumu wa mbao, na unene. Unene ndio mkubwa.

"Mwalimu aliandika unene ngapi?"

"Milimita sita."

"Alipima?"

"Kwa duka la hadiwea waliuza ikiitwa sita."

Hapo damu ilinichemka. Kila fundi wa kabati kutoka hapa mpaka Karatina anajua plaiwudi ya sita haifiki sita. Ndiyo maana mfereji wa kushika mgongo wa kabati tunaukata mwembamba, la sivyo mgongo unachezacheza. Nilikuwa nimeshavaa koti niende nikamwambie mwalimu huyo maneno, ndipo nikakumbuka mchoro wake. Ulisema nikate nafasi za mapezi kwenye bomba, milimita sita. Mimi nilizikata tano kasoro, zibane mbao, kama kabati. Sikuwaza wala sikusema. Ningefuata mchoro, mapezi yangecheza, na hata yeye angeona. Ufundi wangu ndio uliomficha kosa lake. Nilikaa chini na koti mwilini.

Tulienda chuoni baada ya chakula cha mchana. Mwalimu ni kijana. Si mtu mbaya: kikundi alikianzisha yeye, na Jumamosi aliwasimamisha wanafunzi mbali sana, ndiyo maana hakuna aliyeumia. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimepoa.

"Mzee, hii ni mambo ya hesabu," akasema. "Wewe rudi kwa kabati zako."

"Kabati yangu haijawahi kuangukia mtu."

"Haijawahi kuruka pia."

"Hata yako haikuruka sana, mwalimu."

Wanafunzi wawili waligeuka wakatazama dirishani. Nikamwomba atoe kile kipimo cha chuma cha kubana. Akakibana kipande cha pezi tulichobeba yeye mwenyewe, mara tatu, mahali patatu. Nne nukta nane. Binti akapiga hesabu kwa simu, akasema kwa sauti ya chini kwamba unene ukipungua sehemu moja kati ya tano, ugumu wa kupinda unabaki karibu nusu. Na roketi ilikuwa imeupita mwendo wa pezi kama hilo.

Mwalimu akaniangalia. "Na wewe fundi, ulijua ni nyembamba?"

Ningeweza kusema sikujua. Nani angenibishia?

"Nilijua. Sikusema."

"Basi nitaandika hivyo."

"Andika. Uandike pia hukupima. Na uandike gundi ya pezi moja, hiyo ni ya huyu."

Akaandika yote mbele yetu, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Binti amerudi kwenye kikundi. Mimi nimetolewa, mapezi ya pili watayakata wenyewe kwa mashine ya chuo. Nadhani ni haki. Nimejaribu kuona ni wapi si haki, sijaona, na hasira haijaisha hata kidogo.

Njiani binti alisema, "Ungemwambia tu hukujua." Alikuwa ameshika ile ripoti ndani ya sweta isilowe.

Jioni mama watoto alikaanga githeri ya mahindi na maharagwe, pamoja na kabichi, tukagawana parachichi moja watu watatu. Binti alimaliza, akajipakulia tena.