Pipa tupu la Baba, na siku niliyobishana na kompyuta yangu mwenyewe

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi kijana mmoja aliuliza kwenye uzi mwingine kama kazi ya utafiti ina maisha, na kama mwanasayansi wa siku hizi anahitaji kitu kingine zaidi ya kompyuta. Nilianza kumjibu mistari miwili nikajikuta nimefika mbali, nikaona nifungue uzi wangu. Hakuna chumvi hapa. 

Mimi ni mkemia. Mwanamke, kama kuna anayejiuliza. Nimekulia Kaloleni, na Baba yangu, Mzee Wafula, alikuwa fundi wa mabati. Kibanda chake kilikuwa Shauri Moyo, upande ule wa kushukia soko la Gikomba. Alikuwa ananunua mapipa yaliyotumika viwandani, anayakata, anatengeneza majiko, masanduku, mabomba ya moshi, chochote ulichotaka.

Hii ni miaka ya tisini. Nilikuwa nimeanza kazi kwenye maabara moja mjini, ile ngazi ya chini kabisa ya research, ambapo unaosha vyombo vya wakubwa na jina lako halionekani popote.

Mtaani hakuna aliyeelewa ninachofanya. Jirani mmoja aliniuliza natibu ugonjwa gani. Nikamwambia sitibu. Akauliza basi nafundisha shule gani. Nikamwambia sifundishi. Akanipa pole.

Kilichoniokoa kwa heshima ni kompyuta. Idara nzima ilikuwa na moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na ukiingia chumba chake unavua viatu. Ndani yake mlikuwa na orodha ya bidhaa za kemikali. Unaandika jina, inakwambia kama kitu hicho kinaunguza, kina sumu, au kinashika moto.

Mimi nikafanya hiyo kompyuta wimbo wa nyumbani. Haisahau. Haichoki. Haikosei. Baba alipenda sana kusikia, akawa anawaambia mafundi wenzake kwamba binti yake anafanya kazi na mashini isiyokosea. Shikeni hapo, maana ndipo iliponikaba.

Jumamosi moja Mama alinituma nimpelekee Baba chakula cha mchana. Nilipofika kibandani nikakuta pipa kubwa limesimama katikati, na kando yake mitungi miwili ya gesi na bomba la kukatia chuma kwa moto. Baba alikuwa ameviazima kwa fundi wa magari. Kanisa moja lilikuwa limemwagiza oveni ya kuokea mikate, na alitaka kumaliza siku hiyo hiyo.

Sasa wakuu, maisha yake yote Baba alikata mapipa kwa nyundo na patasi. Moto hajawahi kuuweka kwenye pipa hata siku moja. Ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza.

Na mimi nikasikia harufu. Thina, ile ya kuyeyushia rangi.

"Baba, hili pipa lilikuwa na nini?"

"Halina kitu. Ni tupu. Weka chakula hapo."

"Mbona linanuka thina?"

Akacheka, akanionyesha kibanda cha jirani kwa kidevu. Kulikuwa na vijana wanapuliza rangi gari. "Hapa kila kitu kinanuka thina. Hata chai yangu."

Na alikuwa na haki kusema hivyo, kusema ukweli. Pua yangu haikuweza kutofautisha.

Kwa wasio wa fani: pipa lililojaa thina ni hatari, lakini lile "tupu" ni hatari zaidi. Mabaki kidogo yakibaki chini yanapanda kama mvuke, yanachanganyika na hewa, pipa zima linajaa kitu usichokiona. Ukikigusa na moto hakiwaki taratibu. Pipa linapasuka, na mfuniko unaondoka na yeyote aliyeinama juu yake. Fundi anayekata mfuniko huwa ameinama juu yake.

Nikamwambia hayo yote. Akanisikiliza huku anafunga mpira wa gesi.

"Nimekata mapipa tangu ukiwa tumboni."

"Kwa patasi, Baba. Patasi haina moto."

Akanitazama kidogo. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau. "Sawa. Nenda upigie hiyo kompyuta yako. Ikisema hapana, mimi naacha. Ikisema ndiyo, wewe unaenda nyumbani unaniacha nifanye kazi."

Nikapangusa ubavu wa pipa kwa kanga mpaka jina la bidhaa likaonekana. Nikakimbia mpaka kibanda cha simu. Bahati nzuri mwenzangu Mutiso alikuwa zamu maabara. Nikamsomea jina, akaenda kuvua viatu, nikabaki natumbukiza sarafu na kuomba gesi iwe imekwisha.

Akarudi. "Ni maji ya kutengenezea sabuni. Imeandika haishiki moto kirahisi. Uko salama."

Nikashusha simu, na badala ya kufurahi nikaogopa zaidi. Kwa sababu maji ya sabuni hayanuki thina, na mapipa ya Gikomba yana maisha mengi. Leo lina sabuni, kesho mtu analijazia kitu kingine, keshokutwa linauzwa. Kompyuta ilijibu kuhusu jina lililoandikwa nje. Kilichokuwa ndani hakuna aliyeiuliza, na isingejua.

Njiani nikirudi nilifikiria kudanganya. Nitasema mashini imekataa, Baba atanyanyua patasi yake, mambo yaishe. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilipofika akaniuliza imesema nini, na mdomo ukakataa kabisa kudanganya. Mpaka leo sijui kama ulikuwa uadilifu au uzembe.

"Imesema haishiki moto. Lakini imekosea."

Baba akashika kiuno. Vijana wa rangi wakasimamisha kazi kusikiliza.

"Mashini isiyokosea imekosea?"

"Mimi ndiye nilisema haikosei. Nilisema vibaya."

"Kwa hivyo mashini imekubali, na wewe umekataa."

"Ndiyo, Baba."

Nikachukua kijiti nikakifunga kitambaa, nikakitumbukiza kwenye tundu la pipa mpaka chini, nikakikamulia kwenye kifuniko cha sufuria ya chakula, nilichotia maji yake kidogo ya kunywa. Sabuni ingeyeyuka na kutoa povu. Hii ikaelea juu, ikatandaza rangi rangi kama petroli kwenye dimbwi. Nikamwonyesha.

"Hiyo ni oili," akasema. "Kila pipa lina oili." Akachukua kiberiti.

Wakuu, sijawahi kumgusa Baba yangu kwa hasira, wala kabla wala baada. Siku hiyo nilimshika mkono. Nilikuwa nalia. Nikamwambia basi niruhusu nilijaze maji tu, mvuke utoke, halafu ukate utakavyo.

"Maji? Wiki hii?"

Ndiyo shida yenyewe. Mifereji ilikuwa imekauka mtaa mzima. Watu walikuwa wanapanga foleni mbali kwa ajili ya mtungi mmoja.

Hapo ndipo Mama Njeri akapita. Huyu alikuwa muuza mitumba Gikomba, jirani yetu wa miaka mingi, na alikuwa anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji kutoka foleni. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri. Nikasimama mbele ya mkokoteni.

"Mama Njeri, naomba maji yako."

"Ya kunywa?"

"Ya kumwaga kwa hili pipa."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. "Nikimwaga, yatarudi?"

"Hayarudi."

Akamtazama Baba na kiberiti chake. Akanitazama mimi na machozi yangu. Halafu akasema, "Huyu mtoto hajawahi kuniomba hata chumvi," akanyanyua mtungi wa kwanza akaumwaga mwenyewe. Tukamwaga yote. Pipa likakaribia kujaa. Likabaki pengo dogo juu, kama la kiganja.

"Baba, bado kidogo."

"Imetosha," akasema. Alikuwa amechoka na mimi, amechoka kuaibishwa mbele ya vijana. "Rudini nyuma."

Tukarudi. Akawasha bomba, akainama, akagusa mfuniko.

Hata sekunde haikupita. Moto wa buluu uliruka kutoka kwenye tundu, ukatoa mlio wa kukohoa, ukamlamba mkono na uso, ukazima. Basi. Pengo la kiganja tu.

 Nyusi za Baba hazikuwepo tena, na nywele za mkono zilikuwa zimejikunja. Alifunga gesi taratibu, akakaa kwenye kigoda, akalitazama pipa. Najua hesabu aliyokuwa anaipiga kichwani, kwa sababu na mimi nilikuwa naipiga: lingekuwa tupu je?

Nikachukua maji yake ya kunywa yaliyobaki, nikayamwaga juu ya mkono wake. 

Baadaye akainuka. Akakusanya mitungi ya Mama Njeri, akaipanga kwenye mkokoteni, akaanza kuusukuma kuelekea foleni ya maji. Baba yangu, ambaye hajawahi kubeba maji tangu aoe. Wanawake kule foleni walimtania sana. Mmoja alimwuliza kama ameachwa. Alipanga mpaka zamu yake, akajaza mitungi yote, akaipeleka mlangoni kwa Mama Njeri. Halafu akarudi kupanga tena, safari hii kwa ajili ya lile pengo la pipa.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu langu ndilo hilo. Utafiti hautakutajirisha haraka, na mtaani watakupa pole. Kompyuta jifunze, tena sana, mimi leo siwezi kufanya kazi bila hiyo. Lakini itakujibu ulichoiuliza tu. Na itafika siku utasimama mbele ya mtu unayempenda, huna karatasi, huna bosi, mashini yako iko upande wake, na itabidi useme unachokijua.

Na ninyi mafundi mlio humu, hakuna pipa tupu. Jazeni maji mpaka juu.

Baba ametangulia sasa. Lakini tangu siku ile, kila pipa jipya likifika alikuwa ananingoja nitoke kazini. Ananiuliza kompyuta imesema nini, namjibu. Halafu anaweka nyundo chini.

"Sawa. Na wewe unasema aje?"

Waliowahi kupishana na kitu kama hiki, viwandani, jikoni, popote, waandike hapa chini. Ninasoma zote.