Mawingu Kichwa Chini

Shimelis alikuwa fundi redio pale Dejen, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Juu ya bati lake alisimika antena aliyoiunga mwenyewe kwa mabomba ya pazia. Kilabuni hakuna aliyepumua kwa majigambo yake.

"Setilaiti za mvua ziko aina mbili, washamba nyie! Moja imeganda juu kabisa, haibanduki. Hiyo inataka dishi, sina. Nyingine inakatiza chini chini, ncha ya dunia hadi ncha. Ikipita tu, naidaka!"

Na kweli aliidaka kila asubuhi. Redio inalia tiki-toki, tiki-toki, kompyuta inachora mawingu mstari kwa mstari. Ila siku ile asubuhi umeme ulikatika, akadaka ya alasiri. Akaona mawingu yote yako kulia, mashariki, yameshapita. Mbio hadi kwa jirani yake, mjane Wubit, aliyeitwa Etiye kwa heshima.

"Etiye Wubit, kesho pura tefu yako. Kutakuwa kweupe!"

Mama wa watu akaita ujima, akaandaa pombe ya tella. Kesho yake ng'ombe wakakanyaga lundo la kwanza la tefu uwanjani, la pili likisubiri kando. Mchana mvua ikamwagika. Zile punje ndogo kama mchanga zikawa tope.

Shimelis akakimbilia picha yake ya jana. Bahari ya Shamu iko chini kushoto, badala ya juu kulia! Setilaiti ya asubuhi hutoka kaskazini, ya alasiri hupanda kutoka kusini, kwa hiyo picha huja kichwa chini, lazima uigeuze. Alijua. Kiherehere tu. Mawingu yalikuwa magharibi, yanakuja.

Akarudi uwanjani miguu mizito.

"Karibu, bwana mawingu!" Dagnachew, mwenye ng'ombe, akamcheka. "Umekuja kutuanikia?"

"Mwache," Wubit akasema. "Mashine ndiyo imemdanganya."

Shimelis angeweza kunyamaza.

"Mashine ilisema kweli, Etiye. Mimi niliisoma kichwa chini."

Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ikamuuma zaidi.

"Na lile lundo la pili?" Wubit akauliza.

"Lifunike. Mvua bado ipo."

Wubit akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Dagnachew. "Wewe unaonaje?"

Dagnachew akaangalia juu. "Tufunike."

Ndipo wakavuta turubai. Shimelis akashika pembe moja. Hakuna aliyemwambia ashike, wala aachie.