Mwani wa Malsun

Nani alimtuma Mzee Bae asome barua kwa sauti ile? Mama hakujua kusoma, sawa, lakini nusu ya kijiji chetu cha Gijang ilikuwa imejaa uani kwetu. Wakati ule wa vita barua ya mmoja ilikuwa ya wote, na dada yangu Malsun alikuwa muuguzi wa wanajeshi huko Daegu.

"Mama, sijambo kidogo," Mzee Bae alisoma. "Mikono imepasuka kwa dawa, na kikohozi hakiniachi. Wiki hii nimezimia kazini, tena zaidi ya mara moja. Chakula hakikai tumboni. Daktari mkuu anatishia kunirudisha nyumbani. Sirudi ng'o! Nitumie mwani mkavu, mwingi uwezavyo."

Kwetu, siku ya kuzaliwa unakunywa bakuli moja la supu ya mwani, basi. Mwani mwingi ni wa mzazi, aliyetoka kujifungua. Niliona watu wanavyotazamana: kuzimia, kutapika, mwani.

"Makubwa haya!" Mama Doksu akainuka. Mwanawe ndiye aliyemchumbia dada. "Mwanangu yuko vitani, huyu anazaa na wagonjwa! Uchumba umekwisha."

"Taratibu, Mama Doksu," alisema Mzee Bae. "Barua haikusema hivyo."

"Mnataka niletewe mtoto ndiyo niamini?"

Nilitaka kumrukia, haki ya nani. Mama aliingia ndani akatoa mwani wote, mpaka ule aliotuwekea mabinti zake kwa uzazi wetu, akaufunga, akajitwika. Njia ya nyuma ilikuwepo. Akapita katikati ya kijiji mchana kweupe, nami nyuma yake na furushi langu, hadi mlangoni kwa Mama Doksu.

"Ulipomzaa Doksu, supu alikupikia nani?" akamuuliza. "Mwanangu kama kazaa, atakunywa. Kama hakuzaa, atakunywa vilevile. Sema mpaka ulimi uote sugu!"

Tukapanda treni hadi hospitali ya jeshi, Daegu. Malsun tulimkuta amekonda, anakohoa, na tumboni hamna kitu, hata chakula.

"Mama, mwani ni wa hawa, wamemwaga damu kuliko mzazi yeyote," alisema, akituonyesha majeruhi waliolazwa hadi koridoni. "Wanapewa vyakula vya makopo vya kigeni, hawavigusi. Nami nikiwaona hivyo, chakula hakishuki."

Mama akaomba sufuria. Bakuli la kwanza alimsimamia Malsun mpaka akalimaliza. La pili alimlisha koplo aliyekatwa mikono, naye akaanza kulia kwa sauti, supu ingali mdomoni.

Daktari mkuu akaja na maneno yake ya kumrudisha dada.

"Umrudishe kwa nani, mwanangu?" Mama akamuuliza. "Mimi wa nyumbani si niko hapa? Nitampikia. Na wewe kunywa, umekonda."

Akanywa.

Nilipomweleza dada habari ya uchumba, aliketi chini akalia. Kisha akashika kalamu kwa ile mikono iliyopasuka. "Nitamwandikia Mzee Bae awasomee ukweli wote."

"Hujitetei kwa mtu," Mama alisema, anakoroga tu. "Andika hivi: mwani umekwisha, leteni mwingine. Na Mama Doksu alete wake. Doksu akiletwa hapa, muuguzi wake ni wewe."