Choki juu ya Mbao za Bafle

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, weye unayejifunza kazi kwangu, nilisimama mbele ya bafle, sanduku ya kutolea sauti, niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Ilinipita urefu, na mimi nikajiona mutu mukubwa. Ilikuwa wakati wa Zaire, hapa Bunia. Nilisoma miaka mbili tu. Randa, kazi ya useremala, nilijifunza mwenyewe, hakuna aliyenishika mukono.

Ngona, rafiki yangu tangu utoto kule Djugu, alikuwa anapiga gita basi, ile ya sauti nzito, mu orkestra moja ya muji. Akapata spika mpya, pana kama ungo. Akaniambia: "Nitengenezee sanduku yake. Ikilia muzuri, tunaenda na weye kupiga muziki kule Niania, utakuwa fundi wetu." Sikuwa na muke, sikuwa na ndugu hapa. Ile safari niliitaka kuliko chakula.

Nikapeleka spika na mbao za muti wa libuyu kwa Muzee Ukelo, mutengenezaji wa radio, mutu wa Mahagi, mwenye kujua sauti, anipimie. Niliporudi, nilikuta ameenda matanga Irumu. Kila ubao aliupiga mustari wa choki, na kando ya mustari aliandika neno moja: BASI.

Nikasema, aa, muzee ananionyesha chumba cha gita basi kinaishia wapi. Juu yake niko huru. Bibi yake akaniambia, "Ngoja, baba. Anarudi kisha siku tatu." Nikamujibu kwamba mbao zinanijua mimi. Nikaacha urefu wote, sikukata pale pa mustari. Tena nikafanya upana sawa na kina, sababu macho ya seremala inapenda vitu sawasawa.

Tukaiunganisha mchana mu nganda, pale wanakunywa bia. Ngona akapiga. Noti moja ikalia muuu, kama ng'ombe amefungiwa. Zingine zikapotelea mule ndani. Mupiga ngoma akachungulia.

"Fundi, hii kabati iko na rafu za nguo ao hapana?"

"Mumuache," mwingine akasema. "Ameshajenga nyumba, anabakisha muke tu."

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, sababu uso wangu haukuwa na kazi ingine.

Kwenye kamio, lori ya safari, hakukuwa nafasi ya ile sanduku. Ngona akafungua visi, zile skrubu, akatoa spika, akaifunga mu blanketi. "Tutaazima sanduku kule. Weye baki kwanza, utakuja safari ingine." Akasema akitazama visi, hakunitazama. Toka Niania wakaendelea Kisangani, na Ngona hakurudi. Ile kitu ilikaa miaka mu chumba changu. Nilitundikamo mashati yangu ine. Hakukuwa nguo ya mutu mwingine ya kuongezamo.

Muzee aliporudi matanga, alikuja kuiona. Akaigonga kwa vidole.

"Niliandika basi. Maana yake simama hapo, usipite. Weye ulisoma kile ulitaka."

"Muzee, nilifikiri..."

"Bibi yangu alikuwa mulangoni. Ulimuuliza?"

Sikumuuliza.

Sasa sikia. Mbele ya kukata ubao, shika spika, sukuma karatasi yake ya mbele polepole, uone inapumua kiasi gani. Sanduku ipimwe kwa ile pumzi. Ikizidi, sauti inalegea. Ikipungua, sauti inabanwa koo. Urefu, upana na kina visilingane, sababu vikilingana noti moja itameza zingine. Ubao ukitetemeka, weka muti wa kuushikilia ndani. Na mwenye kujua akiwa safarini, mungoje. Siku tatu ni kitu gani? Mimi nilizikataa, nikapata miaka mingi ya kupika sufuria moja ndogo. Sisemi ili unihurumie. Fundi niko, uliza popote Bunia. Lakini ufundi haukai na mutu kuzungumza naye jioni.

Mungu akupe mikono yenye kusikia, mwanangu. Akupe na watu wa kukuita jina lako saa ya chakula, na weye uitike.