Meja Aliyerudi Darasani

Mimi na Meja tulikaa dawati moja tangu darasa la tano, hapa hapa Ifakara. Baadaye yeye akaenda jeshini, mimi nikaenda chuo cha ualimu. Kila alipokuja likizo alipita kwangu, mtaa wa Viwanja Sitini, akavua buti mlangoni na kumwuliza mke wangu kama kuna samaki. Alipostaafu tulidhani atafuga kuku. Akatuambia anasoma sheria.

"Kwa umri huu?" mke wangu akashangaa.

"Shemeji, sheria haina mbio za asubuhi. Wanataka kichwa tu."

Mtihani wa kwanza akafeli. Aliniletea karatasi yake akiwa amenuna. Alishazoea kutoa amri, na majibu yake yalikuwa amri tupu: mshtakiwa ana hatia, basi. Pembeni mwalimu wake alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: Sababu?

Tangu hapo nyumbani kwangu hakuponyoka. Akisema chai imepoa, mke wangu anauliza, "Sababu?" Akisema mvua itanyesha, namwuliza mimi. Alikasirika, akacheka, akazoea. Mtihani wa marudio alifaulu.

Masika iliyofuata ng'ombe waliingia shambani kwangu kule kijiji cha Mbingu, wakala karibu nusu ya mpunga. Nilimpigia simu Meja kabla ya mtu mwingine yeyote. Tulikwenda na pikipiki yake, mimi nikifoka njia nzima. Ofisi ya kijiji tulimkuta mwenyekiti pamoja na mwenye ng'ombe, Msukuma mmoja mrefu, mdogo kwetu kwa umri. Alipoona jinsi Meja anavyotembea, akasimama wima.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa tu, ndugu yangu. Siku hizi mimi ni mwanafunzi."

Nilitaka amkaripie. Yeye akamwuliza kwa upole ilikuwaje. Yule bwana akaeleza kwamba njia yao ya kwenda mtoni ilikuwa imefunikwa na maji, akawapitisha ng'ombe kando ya mashamba, wakamshinda.

"Mpunga wa mwalimu wameula kweli," akasema. "Nimeuona mwenyewe, na nimeona aibu."

Hasira zangu zikakosa pa kushika. Meja akanigeukia.

"Na wewe unataka nini? Afungwe?"

"Nataka mpunga!" nikasema. Hata mwenyekiti alicheka.

Tukakubaliana kwamba msimu ujao yule bwana atanilimia shamba lote kwa maksai wake. Tukapeana mikono.

Mvua za kwanza zilipoanza, alikuja kweli na plau yake. Meja naye alikuja kutazama, lakini hakuchelewa kuomba ajaribu. Maksai hawakujali cheo chake. Walimburuta hadi kwenye tope.

"Kushoto, geuka!" akawaamuru. Wakaenda kulia, naye akaanguka kifudifudi.

"Afande," yule bwana akasema, akijizuia kucheka, "hawa wanajua Kisukuma tu."

Sasa Meja yuko mwaka wa mwisho. Jumamosi hukaa barazani kwangu na vitabu vyake, na yule bwana akileta maziwa mjini hupita kutusalimu. Wakishaanza kubishana juu ya malisho, mimi nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu huku nikiwasikiliza, na mke wangu anaongeza maji kwenye birika.