Alichoniambia Ndani ya Kaburi

Nilidaka miaka tisa katika timu moja ya ligi kuu, na mpaka leo watu wananisimamisha Kariakoo, mbele ya kibanda ninachouza mabegi, wakitaka kujua habari za goli moja. Ninawajibu kwamba lilikuwa kosa langu. Wengine wanacheka, na mimi najua wanacheka nini. Naandika hapa lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Baba yangu alifariki Jumanne alfajiri, wiki ya mechi yetu na wapinzani wetu wakubwa. Mimi nilikuwa kambini.

Kambi ya mechi ile haifanani na kambi nyingine. Simu zinakusanywa. Analetwa mpishi ambaye hakuna anayemjua, na siku mbili baadaye anabadilishwa. Maji tunakunywa ya chupa zilizofunguliwa mbele ya macho yetu. Beki akisema tumbo linamuuma, wenzake wanajiuliza tumbo hilo limelipwa na nani. Kipa ndiye anayeangaliwa zaidi. Mshambuliaji akikosa goli la wazi watu wanasema hana bahati, lakini kipa akifungwa goli jepesi wanasema kauza mechi.

Viongozi walinipa ruhusa ya kwenda kuzika na kurudi kabla ya magharibi. Wakanipa na mtunza vifaa wetu, yule anayebeba jezi na mipira. Walisema ananisindikiza kunifariji. Alivaa kofia ya kuazima iliyombana, na tangu tulipofika nyumbani Mchafukoge hakuondoka ubavuni mwangu. Nilipokwenda chooni alisimama mlangoni.

Turubai lilikuwa limeshafungwa nje na wanaume wamekaa mikekani. Baba alikuwa fundi cherehani, barazani Kariakoo, miaka mingi. Alikuwa pia mshabiki wa timu tuliyokuwa tukutane nayo Jumamosi, mshabiki wa damu. Bendera zao alizipinda yeye. Nilipoanza kudaka upande wa pili hakugombana nami, ila alisema, "Mimi siendi uwanjani kusikiliza mwanangu anatukanwa, halafu niwe miongoni mwa wanaotukana." Na kwa kadiri nilivyojua, hakuwahi kuja.

Shangazi yangu aliniletea chai. Kabla sijaipeleka mdomoni, mtunza vifaa aliushika mkono wangu.

"Usinywe, kipa."

"Kwa nini asinywe?" shangazi akauliza.

"Ni utaratibu tu, mama."

"Utaratibu wa nani? Huyu nimemlea kwa uji wangu mwenyewe. Leo mwili wa kaka yangu uko ndani, ndiyo nimwekee mwanawe kitu kwenye chai?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema kwa mkono." Akakichukua kikombe, akakinywa chote amesimama, akimtazama usoni. "Haya. Kaa hapo uningoje nife."

Watu wa karibu walicheka kidogo, wakainamisha vichwa. Mimi nilikaa na kiu mpaka mazishi yakaisha. Nilikasirika, lakini sikuomba kikombe kingine, maana nilikuwa nimeshazoea kuogopa.

Kabla maiti haijaoshwa akaja katibu wa wapinzani wetu. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu.

"Anafanya nini hapa huyu?" mtunza vifaa akaninong'oneza.

"Ni rafiki wa baba."

"Rafiki. Wiki hii."

Kumbe baba alikuwa ameacha neno kwamba rafiki yake huyo awe mmoja wa watakaoteremka kaburini kumpokea. Kwa hiyo alasiri ile, makaburini, tuliteremka watatu. Baba mdogo alikaa miguuni, katibu kichwani, mimi katikati. Juu yetu watu walitanda shuka. Tukampokea baba, tukamlaza kwa ubavu, tukaanza kufungua kamba za sanda. Ile ya kiunoni ilinishinda. Fundo lilikuwa limekaza. Katibu akasogea, akainama, tukalifungua pamoja, kichwa chake karibu kugusana na changu. Ndipo aliposema taratibu, "Jumamosi angekuja."

Nikaichomoa kamba.

"Siku zote alikuwa anakuja," akasema. "Anakaa upande wetu."

Nikainua uso. Pembe moja ya shuka ilikuwa imenyanyuliwa, na aliyeishika pembe hiyo alikuwa mtunza vifaa. Alikuwa anatuangalia midomo.

Tulirudi kambini kwa bajaji. Tulipokwama kwenye foleni ya Buguruni mtunza vifaa akaniuliza.

"Alikwambia nini kule chini?"

"Nifungue kamba."

"Kamba tu?"

"Kamba."

"Mdogo wangu, mimi nimeona mdomo wake. Alisema Jumamosi."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya mtu wa timu ile, hata kwenye mambo madogo ya kuchelewa mazoezi. Lakini neno lile lilikuwa la kwangu na la baba. Tena nilijua likishatoka litasikika vibaya. Nikasema sikusikia.

"Haya," akasema. "Mimi nitasema nilichoona. Nina watoto."

Ijumaa mwalimu wetu aliniita peke yangu.

"Nakuuliza mara moja. Kuna mtu kakupa kitu au kakuahidi kitu?"

"Hapana, mwalimu."

"Yule mzee alikwambia chochote kuhusu mechi?"

Nikasema hapana. Ukipima maneno utaona sikusema uongo, maana kuhusu mechi yenyewe hakusema. Lakini niliyapima, na mtu mkweli hapimi. Mwalimu akasimama.

"Viongozi hawakutaki golini kesho. Mimi nakutaka. Ukiniangusha tunaondoka wote wawili."

Kipindi cha kwanza nilidaka vizuri. Hata nilipokuwa nautoa mpira nilisikia benchi letu wakiniita kwa furaha, na nilijua wanaoniita ndio waliosema nisipangwe. Tulipobadilisha magoli, jukwaa la wapinzani likawa mkono wangu wa kushoto. Nilijikataza kulitazama, nikajikataza tena. Nilichotaka ni kujua baba alikuwa anakaa wapi. Nilitaka kuona pale mahali penyewe, hata kama pana mtu mwingine.

Kiungo wao mmoja alipiga kutoka mbali, shuti ambalo mazoezini ningelidaka huku nazungumza. Niligeuza macho kutoka jukwaani, mpira ukadunda mbele yangu, ukapita chini ya mkono. Tulifungwa moja kwa sifuri. Wa kwetu ndio walioanza kupiga kelele kwamba nimeuza.

Jumatatu waliniita ofisini kwa klabu. Mwenyekiti alikuwapo, na mwalimu, na mtunza vifaa amekaa karibu na mlango. Nilikuwa sijalala vizuri tangu Jumamosi, na nilichokifikiria ni kwamba sitaweza kubeba vitu viwili, goli na uongo. Nikawaeleza yote. Kamba, fundo, maneno yote kama yalivyo. Nikawaambia na habari ya jukwaa.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alikwambia kitu."

"Ndiyo."

"Na Ijumaa ukamwambia mwalimu hakukwambia."

"Ndiyo."

"Na tumefungwa kwa sababu ya hicho kitu."

"Ndiyo."

"Ungekuwa wewe ndiye sisi, ungefanya nini?"

"Ningemwondoa kipa," nikasema.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Wiki ile ile niliondolewa, naye hakumaliza msimu. Jumatatu ile, nilipotoka ofisini, mtunza vifaa alinifuata mpaka barabarani penye mikokoteni.

"Kwa nini umesema? Ungewaambia jua lilikuwa machoni. Lilikuwapo."

"Halikuniingia machoni."

"Nani angelijua?" Alionekana amechoka kuliko mimi. "Mimi nilishawaambia huenda sikuona vizuri."

Sikujua kama ni kweli aliwaambia hivyo. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata wema wa mtu niliugeuzageuza nikitafuta upande wa chini.

Aliyenisumbua zaidi alikuwa katibu. Nilijiuliza mtu aliyeishi ndani ya mpira maisha yake yote anawezaje kumwambia kipa maneno kama yale siku nne kabla ya mechi, asijue yatafanya nini. Kwenye arobaini ya baba alikuja, akasoma dua pamoja nasi. Watu walipopungua nikakaa karibu naye.

"Baba, naomba kukuuliza. Kwa nini uliniambia siku ile?"

"Ulitaka nikwambie lini? Ningengoja Jumapili ungesema nimekuja kukucheka."

"Ulijua nitalitazama jukwaa."

"Sikujua," akasema. "Lakini kama mtu angeniuliza wewe utafanya nini, labda ningejua."

"Nitajie mechi moja aliyokuja."

"Ile ya mvua, uliyodaka penati."

Mechi ile ilitangazwa redioni na mji mzima uliisikia. Angeweza kuitaja mtu yeyote. Nikamuuliza baba alifanya nini nilipodaka.

"Alikasirika," akasema. "Alisema, huyu mtoto ana roho mbaya, tulikuwa tunaitegemea penati ile. Hakutaka kuzungumza na mtu mpaka tulipofika Kariakoo. Tulipofika akaniuliza mimi kama niliona ni mkono gani ulioupangua mpira."

Hapo nilimwamini. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikambusu mkono, akaondoka. Nilipokuwa narudi ndani nikaanza tena kujiuliza kama baba alikuja kweli.